Buletini ina mstari wa tabia, lakini nani anamfundisha mtoto hisia zake?

LEMERA, Kivu ya Kusini – Siku ya kutangaza matokeo, mzazi wa kwetu akipokea buletini ya mtoto wake hutafuta vitu viwili tu: asilimia na nafasi. Akikuta 68, anatabasamu. Akikuta 43, uso unabadilika palepale, mbele ya watu. Kisha karatasi inakunjwa, inaingia mfukoni mwa koti au kwenye pindo la kitenge, na safari ya kurudi nyumbani inaanza.

Lakini chini ya pointi za hesabu na za Kifaransa kuna mistari miwili ambayo wengi hawaisomi. Mmoja ni wa bidii, mwingine ni wa tabia. Hapo mwalimu huandika herufi moja au mbili za Kifaransa zenye maana ya vizuri sana, vizuri, au hafifu. Shule ya Kongo, basi, imekubali zamani kwamba namna mtoto anavyoishi na wenzake ni sehemu ya masomo yake. Inampimia kila kipindi.

Swali ni hili: hesabu ina saa yake, ina daftari, ina mwalimu aliyeisomea. Tabia inafundishwa saa ngapi? Kuna somo la uraia na maadili, ni kweli. Somo hilo linamwambia mtoto asiibe, asipigane, aheshimu bendera na wakubwa. Halimwonyeshi afanye nini wakati hasira imempanda hadi kooni, au wakati hofu inamzuia kusikia hata sauti ya mwalimu. Tunatoa pointi kwa kitu ambacho hatujakifundisha.

Kitu hicho wataalamu wanakiita akili ya hisia. Na kama kuna mahali ambapo kinahitajika, ni hapa Lemera na katika vijiji vyote vinavyoshuka kutoka milima ya Bafuliiru hadi uwanda wa Ruzizi na ufuo wa Tanganyika.

Mzigo usioonekana mgongoni

Lemera ni makao makuu ya sheferi ya Bafuliiru, katika teritwari ya Uvira. Jina lake limeingia katika historia ya dunia kwa sababu ya uchungu. Tarehe 6 Oktoba 1996, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Lemera, wakawaua wagonjwa vitandani pamoja na watumishi wa hospitali. Watu zaidi ya 30 walikufa. Ilikuwa mwanzo wa vita ambavyo nchi hii haijamaliza kuvihesabu.

Watoto wa wakati ule leo ni baba na mama. Wengine ni walimu. Na watoto wao nao wamepata ya kwao. Mwezi wa Juni 2014, zaidi ya watu 30 waliuawa Mutarule, katika uwanda huohuo wa Ruzizi. Aprili 2020, maji ya mito yalibomoa nyumba nyingi sana mjini Uvira. Februari 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa AFC/M23. Desemba 2025 vita vikafika Uvira yenyewe, na maelfu ya familia zikavuka mpaka kuingia Burundi, nyingi zikiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani.

Mtoto aliyepita katika mambo hayo akirudi darasani anakaa kwenye benchi kama wengine. Ana shati jeupe na kaptula ya bluu kama wengine. Mzigo wake hauonekani. Unaonekana tu kwa alama zake: mtoto anasinzia saa mbili asubuhi kwa kuwa usiku hakulala. Mtoto anashtuka mlango ukipigwa na upepo. Mtoto mpole wa mwaka jana sasa anapigana kila siku. Mwingine hasemi neno kabisa. Mwalimu asiyejua kusoma alama hizo ataziita uvivu, ukorofi, kiburi au ujinga.

Mwandishi wa makala haya anajua. Baada ya vita vya 1996 familia yetu iliporudi kijijini, nilirudi shuleni nikiwa na miaka minane. Siku moja bati lililolegea liliangushwa na upepo, na mlio wake ukafanana na kitu nilichokuwa nimekisikia usiku wa kukimbia. Nikajikojolea. Darasa likacheka. Mwalimu alinipigisha magoti mbele hadi kengele ya mapumziko, kisha akanipiga fimbo kwa kuchafua sakafu. Kwa miezi mingi baada ya hapo sikunyoosha mkono hata mara moja, hata jibu nikilijua. Buletini ya mwaka ule, kwenye mstari wa tabia, iliandika "vizuri". Nilikuwa mtulivu. Hakuna aliyeuliza utulivu ule umetoka wapi.

Sina deni na mwalimu yule. Naye alikuwa amekimbia. Naye alikuwa na watu wake aliowazika, au ambao hakupata hata nafasi ya kuwazika. Hakuna aliyemuuliza yeye analala vipi. Hapo ndipo penye tatizo: mtu ambaye hakufundishwa kushika hisia zake amepewa watoto 50 ili awafundishe kushika za kwao.

Akili ya hisia ni nini hasa?

Mwaka 1990, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika makala wakieleza kwamba kuna aina ya akili isiyopimwa na mitihani ya kawaida: uwezo wa mtu kutambua hisia zake na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Miaka mitano baadaye, mwaka 1995, mwandishi Daniel Goleman alitoa kitabu kilicholieneza wazo hilo dunia nzima. Goleman alilipanga katika mambo matano: kujijua, kujitawala, kujipa moyo wa kuendelea, kuhisi anachohisi mwenzako, na kuishi vizuri na watu.

Wapo wataalamu wanaosema Goleman alilisifu wazo hili kupita kiasi, na kwamba si rahisi kulipima kama mtu anavyopima uzito wa gunia la mihogo. Hoja yao ina uzito. Hakuna mtu anayesema akili ya hisia itachukua nafasi ya kusoma na kuhesabu. Mtoto mwenye moyo mwema asiyejua kusoma atadanganywa sokoni.

Lakini wazo lenyewe si geni kwetu. Lugha zetu zinalijua kabla ya vitabu hivyo. Tunasema mtu ana roho nzito, roho inamuuma, moyo umevunjika, roho imetulia. Tunatofautisha hasira na kinyongo, haya na aibu, woga na mashaka. Mzee akisema kwamba fulani ni mtu mzima mwenye akili, mara nyingi hazungumzii diploma. Anazungumzia mtu anayeweza kukaa kati ya ndugu wawili wanaogombania shamba, akawasikiliza wote bila kupandisha sauti, na wakaondoka hawajashikiana panga.

Na masomo, je, yanapata faida?

Mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto asome ana haki ya kuuliza: mambo haya ya moyo yataongeza pointi?

Mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na Joseph Durlak walikusanya matokeo ya programu 213 za shule zilizofundisha watoto kutambua na kutawala hisia. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 270,000, wengi wao wa Marekani. Waliofundishwa walipigana kidogo zaidi, walielewana zaidi na wenzao, na katika masomo walipanda kwa wastani wa nafasi 11 kati ya 100 kuliko wale ambao hawakufundishwa. Sababu si uchawi. Kichwa kilichojaa hofu hakina nafasi ya mgawanyo na visehemu.

Karibu na kwetu kuna mifano miwili, na yote miwili inatufundisha kutotarajia miujiza.

Wa kwanza ni wa Kongo yenyewe. Katika miaka ya 2010, shirika la IRC lilifanya kazi na shule za msingi za mashariki mwa nchi katika mpango uliounganisha kufundisha kusoma na kufanya darasa liwe mahali pa kuponya. Walimu walifundishwa kusoma dalili za mtoto aliyeumia, kupanga siku ya shule ili mtoto ajue kinachofuata, na kukutana wao kwa wao kusaidiana. Watafiti wa chuo kikuu cha New York walilinganisha shule zilizoingia mapema na zile zilizosubiri. Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi walisema zaidi kwamba shule na walimu wao wanawajali. Katika kusoma na jiometri kulikuwa na maendeleo madogo. Katika kujumlisha na kutoa hakuna kilichobadilika. Na majeraha ya moyo hayakupona kwa mwaka mmoja.

Wa pili ni wa Uganda. Katika wilaya ya Luwero, eneo lililoumia sana kwa vita vya miaka ya 1980, shirika la Raising Voices lilipeleka mpango wa shule njema. Ulijaribiwa katika shule za msingi 42, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Walimu, wanafunzi na wazazi walijadiliana namna ya kulea nidhamu bila kupiga, na kila shule ikajiwekea kanuni zake. Baada ya miezi 18, watoto waliosema walipigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa 31 kati ya 100 katika shule zilizofuata mpango, na karibu 49 kati ya 100 katika shule nyingine. Pointi za mitihani hazikupanda. Lakini hazikushuka pia. Na hilo ni jibu kwa wote wanaoamini kwamba fimbo ikiondoka, masomo nayo yataondoka.

Fimbo inafundisha nini?

Sheria ya Kongo kuhusu ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema nidhamu katika familia na shuleni itolewe kwa namna inayomheshimu mtoto kama binadamu. Sheria ipo tangu miaka mingi. Fimbo nayo ipo, nyuma ya mlango wa madarasa mengi, na katika nyumba zetu vilevile.

Wazazi wengi watasema: sisi tulipigwa na tukawa watu. Ni kweli tulipigwa. Lakini tuangalie fimbo inamfundisha mtoto nini hasa. Inamfundisha kwamba mwenye hasira na nguvu ndiye mwenye haki. Inamfundisha kuficha kosa badala ya kulikiri. Inamfundisha kwamba uchungu haujibiwi kwa maneno. Katika eneo ambalo vijana wanaitwa kila mwaka kujiunga na makundi yenye silaha, somo hilo tunalilipa kwa bei kubwa. Kijana asiyejua kusema "nimedharauliwa, na inaniuma" atatafuta njia nyingine ya kusema hivyo.

Kuacha fimbo hakuna maana ya kuacha mtoto afanye atakalo. Mtoto aliyevunja dirisha asaidie kulitengeneza. Aliyempiga mwenzake aketi naye, amsikilize, aombe radhi, abebe maji ya kunawa ya darasa kwa wiki moja. Hiyo ni adhabu. Tofauti yake ni kwamba inamwachia mtoto kitu kichwani.

Mtoto aliyeuliza swali

Lemera ina historia nyingine pia, na watoto wake wanapaswa kuijua pamoja na ile ya 1996.

Dkt. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu mwaka 1955, ameeleza mara nyingi namna alivyopata wito wake. Akiwa mtoto alimfuata baba yake, mchungaji, kuwaombea wagonjwa. Aliona mtoto mchanga anateseka, baba akaomba, kisha wakaondoka. Mvulana akauliza kwa nini baba hakumpa yule mtoto dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Siku hiyo mtoto akaamua: baba ataomba, mimi nitatoa dawa.

Mwaka 1983, baada ya masomo yake Burundi, daktari huyo kijana alikuja kufanya kazi katika hospitali ya Lemera. Hapa ndipo alipowaona mama waliofika wakiwa wamechelewa, wametembea milimani wakiwa na uchungu wa kuzaa, wengine wakivuja damu. Alikwenda Ufaransa kusomea magonjwa ya akina mama, kisha akarudi Lemera. Baada ya vita kumwondoa hapa, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani.

Tunawaambia watoto kwamba Mukwege alisoma sana. Ni kweli. Lakini kabla ya kusoma aliona uchungu wa mtu mwingine, na akauliza swali. Na baba yake hakumwambia anyamaze. Ni watoto wangapi wa kwetu wanaouliza swali kama hilo na kujibiwa kwamba maneno ya wakubwa hayawahusu?

Mwalimu mwenye watoto 60 afanye nini?

Tuseme ukweli kuhusu hali ya walimu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwezi wa Septemba 2019, madarasa yamejaa. Walimu wengi hawajaingia bado katika orodha ya mishahara ya serikali. Mwalimu mwenye njaa, mwenye madeni dukani, mwenye watoto 60 mbele yake, hahitaji kuongezewa somo jingine na karatasi nyingine za kujaza. Serikali inapozungumzia nidhamu bila fimbo bila kumlipa mwalimu, inamwomba mtu mwenye kikombe kitupu amimine maji.

Hata hivyo, kuna mambo yasiyohitaji pesa wala mradi.

La kwanza ni dakika tano za asubuhi. Baada ya bendera na wimbo wa taifa, kabla ya kufungua daftari, mwalimu anauliza watoto wameamka vipi. Si wote 60 watajibu. Benchi moja leo, benchi nyingine kesho. Anayetaka kusema anasema, asiyetaka anasema amepita. Ndani ya mwezi mmoja mwalimu atajua nani halali nyumbani, nani amefiwa, nani hajala tangu jana.

La pili ni lugha. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili hawezi kueleza woga wake kwa Kifaransa. Aachwe aseme kwa Kiswahili au kwa Kifuliiru. Mtoto anayejua kusema "nina hasira" amekwisha kupiga hatua ya kwanza ya kutopiga ngumi.

La tatu ni kuuliza kabla ya kuadhibu. Mtoto amechelewa mara ya tatu? Mwalimu amwite pembeni, si mbele ya wenzake, amuulize njia aliyopita. Huenda anachota maji kwa ajili ya bibi mgonjwa. Huenda anazunguka mbali ili asipite mahali anapoogopa. Huenda ni mvivu kweli. Lakini ukiuliza utajua.

La nne ni ratiba isiyobadilika ovyo. Mtoto aliyekimbia vita mara tatu anahitaji sana kujua nini kitafuata. Darasa linaloanza kwa namna ileile kila siku linampa udongo imara wa kukanyaga.

La tano linawahusu walimu wenyewe. Mkurugenzi wa shule anaweza kuwapa walimu nusu saa kila wiki ya kuzungumza wao kwa wao: mtoto gani amewashinda, na wao wenyewe wana hali gani. Asiyesikilizwa hawezi kusikiliza kwa muda mrefu.

Na nyumbani tuna shule iliyokuwapo kabla ya shule. Wazee walitufundisha jioni kando ya moto kwa hadithi za wanyama. Mdogo mwenye akili alimshinda mkubwa mwenye hasira. Mchoyo aliishia peke yake. Mtoto aliuliza kwa nini fisi alifanya vile, na mkubwa akarudisha swali: wewe ungekuwa yeye, ungefanya nini? Swali hilo moja ndilo somo la kuhisi anachohisi mwenzako, na halikuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Leo simu imekalia kiti cha moto katika nyumba nyingi za Uvira, na hata huku milimani. Mama na papa wanaweza kurudisha walau jioni mbili kwa wiki.

Iko mipaka vilevile. Mtoto asiyesema kwa wiki nyingi, anayezungumzia kufa, au aliyetendewa ubaya wa mwili, mwalimu peke yake hatoshi. Huyo apelekwe kwenye kituo cha afya, wala si kwa mtu wa kumpiga eti mapepo yamtoke.

Mstari ule wa chini

Mwisho wa mwaka huu wa shule, buletini zitatolewa tena. Mzazi atatafuta asilimia, na ana haki. Lakini kabla ya kukunja karatasi ateremshe macho hadi mstari wa tabia. Akikuta "hafifu", asikimbilie mkanda. Amuulize mwalimu alichokiona, kisha amuulize mtoto. Na akikuta "vizuri", amuulize mtoto vilevile.

Kwani kuna mtoto aliye mtulivu kwa sababu ana amani, na kuna mtoto aliye mtulivu kwa sababu ameogopa. Buletini inawaandikia wote wawili neno lilelile.